Punda Mzazi Apewe Siku Zake

Waulize wenye punda, kuanzia Naivasha hadi Shinyanga, jike anapozaa hutunzwaje. Wengi watakujibu kwamba punda hahitaji kutunzwa. Ng'ombe akishikwa na uchungu, ataitiwa mtu anayejua. Mbuzi akizaa usiku, watoto wataamshwa washike taa. Punda hukutwa asubuhi ameshazaa, na jua halijapanda sana kabla hajafungwa mkokoteni. Wanaofanya hivyo si makatili. Wengi wao wanampenda punda wao, maana ndiye anayewalisha. Wanarudia tu walilolikuta: punda ni mgumu, mwili wake si kama wa wanyama wengine, na kumhangaikia ni kumdekeza. Imani hiyo imejengewa nyumba hata katika methali. Nani hajasikia kwamba punda afe, mzigo wa bwana ufike?

Naipinga imani hiyo kwa sababu inaua. Huanza na mwanapunda, ikamfuata mama, ikaishia kwenye riziki ya nyumba iliyowategemea wote wawili. Nataka kujibu hoja za wanaoitetea moja baada ya nyingine, kwa sababu si hoja za kipuuzi na haziondoki kwa kukemewa.

Hoja ya kwanza ni ya nyika. Punda, husemwa, alizaa porini bila mkunga wala daktari, na kizazi chake kikadumu. Ni kweli. Punda ni mnyama wa Afrika hii, na wataalamu wa jeni wanaeleza kwamba alifugwa kwa mara ya kwanza upande huu wa bara yapata miaka 7,000 iliyopita. Lakini jike wa porini alichagua mwenyewe pa kuzalia. Alijitenga na kundi kwa wakati wake, akakaa na mtoto wake mpaka aliposimama na kunyonya, na hakuna aliyemwondoa hapo. Jike wetu hana uhuru huo. Tumemfunga kamba, tumempangia chakula, tumemchagulia banda, na sisi ndio tunaoamua ataondoka saa ngapi. Ukimnyang'anya mnyama uwezo wa kujitunza, wajibu wa kumtunza umekuwa wako. Tena kudumu kwa kizazi hakuna maana kwamba kila mtoto alipona. Nyika hupoteza watoto wengi na haijali, kwa kuwa ina majike wengi. Mwenye jike 1 hawezi kufuga kwa hesabu ya nyika.

Hoja ya pili ndiyo mama wa hoja zote: punda ni mgumu. Hapa mwili wenyewe wa punda unatoa ushahidi kinyume. Mtoto wa binadamu hupokea kingamwili za mama yake akiwa bado tumboni. Mwanapunda hazipokei. Kondo la punda, kama la farasi na la ng'ombe, limeweka tabaka kadhaa kati ya damu ya mama na ya mtoto, na kingamwili hazipenyi. Kwa hiyo huyu tunayemsifu kwa ugumu huzaliwa bila kinga ya maana dhidi ya vijidudu vya banda lile analoangukia. Kinga yake imo katika dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, nayo ina saa zake. Utumbo wa mwanapunda huweza kufyonza kingamwili zikiwa nzima kwa muda mfupi tu. Uwezo huo ni mkubwa katika saa 6 za mwanzo, unashuka kwa kasi kuelekea saa ya 12, na baada ya saa 24 hivi umekwisha. Maziwa atakayonyonya keshokutwa yatamshibisha, lakini hayatamkinga.

Sasa rudi kwa yule jike aliyezaa usiku wa manane na kufungwa mkokoteni alfajiri. Kama mtoto alikuwa mdhaifu, au alichelewa kusimama, au hakuipata chuchu gizani, mama ameondoka na dang'a yake katika saa zile ambazo haziwezi kulipwa tena. Mwanapunda anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza na ya pili. Baadaye anaanza kuharisha, au kiungo cha mguu kinavimba na kupata moto, au analala tu. Akifa, watu husema alizaliwa na bahati mbaya. Mara nyingi alizaliwa mzima, akakosa dang'a. Muda huo ukishapita, tiba ya kufidia ni kumtilia plazima ya damu mshipani. Mwenye punda wa Mwea au Kajiado ataipata wapi?

Kwa hiyo ninachokidai kwanza ni macho ya mtu kwa usiku mmoja. Jike mwenyewe hutoa taarifa kabla. Kiwele hujaa wiki chache kabla ya kuzaa, na siku 1 au 2 za mwisho matone mazito kama nta yanaweza kuonekana kwenye ncha za chuchu. Mtoto akishatoka, mwenye punda ahesabu saa. Ndani ya saa 1, au karibu na hapo, mwanapunda anapaswa kuwa amesimama. Ndani ya saa 2 awe amenyonya. Ndani ya saa 3 kondo la nyuma liwe limetoka. Siku ya kwanza isiishe kabla hajatoa kile kinyesi cha kwanza cheusi kinachonata. Akijikamua mkia ukiwa juu na hakitoki, kimeziba, na anahitaji msaada.

Tofautisha pia kunyonya na kuhangaika kando ya mama. Paji la uso la mwanapunda likiwa limelowa maziwa, na kiwele cha mama kimejaa mpaka kinadondosha, mtoto huyo anagongagonga tu na hanyonyi. Asiachwe hivyo. Mama akamuliwe, na mtoto anyweshwe kwa chupa polepole, akiwa amesimama au amelalia kifua huku miguu ikiwa chini yake. Akinyweshwa akiwa amelala ubavu, maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Wala asipewe ya ng'ombe kana kwamba maziwa yote ni mamoja. Maziwa ya punda yana mafuta machache na sukari nyingi, na ya ng'ombe yana mafuta zaidi na sukari pungufu. Hata yakimsogeza mwanapunda siku mbili tatu, hayachukui nafasi ya dang'a ya mama yake.

Hapo wapo watakaonijibu kwamba wao tayari wanasaidia sana, na kwamba msaada wenyewe ndio ulioua. Nawakubalia, kwa sababu kosa hilo lipo. Kuna wanaomvuta mtoto kwa nguvu kabla mama hajapata nafasi ya kusukuma. Kuna wanaokimbilia kukata kitovu kwa wembe, ilhali kitovu hukatika chenyewe mama anapoinuka au mtoto anapojitahidi kusimama. Kuna wanaopaka kidonda cha kitovu majivu au kinyesi, wakipanda vijidudu pale pale palipo na njia ya kuingilia damuni. Kuna wanaomwosha mtoto, wakamwondolea harufu ambayo mama anaitumia kumtambua. Kwa sehemu kubwa utunzaji ninaoutetea ni wa kukaa mbali na kutazama. Penye haja ya mkono, mkono uwe safi na kazi yake ijulikane: kitovu kichovywe katika klorheksidini iliyozimuliwa, au iodini iliyozimuliwa kwa sababu kali huunguza ngozi, na banda liwe na majani makavu. Mvua ikinyesha mwanapunda awe ndani, kwa kuwa manyoya ya punda hayazuii maji vizuri na mtoto mchanga hupoteza joto upesi.

Hoja ya tatu inadai kwamba mama angekuwa mgonjwa, angeonyesha. Hii ndiyo hoja ninayoiogopa kuliko zote, kwa kuwa inageuza subira ya punda kuwa cheti cha afya. Punda huficha maumivu. Hajitupi chini na kugaagaa kwa urahisi kama farasi mwenye tumbo linalomsokota. Atasimama kimya, kichwa kimeinama kidogo, masikio yamelegea, na aliyezoea kumwona amesimama ataona punda amesimama. Wakati huo huenda kondo limebaki tumboni. Kondo lisilotoka huoza, sumu zake huingia katika damu, na punda anaweza kufa kwa maambukizi au kupatwa na ule uvimbe wa ndani ya kwato unaomfanya ashindwe hata kukanyaga. Kwa hiyo zikipita saa 3 bila kondo kutoka, aitwe daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Lisivutwe wala lisikatwe. Linaloning'inia lifungwe fundo juu ili mama asilikanyage. Likitoka, litandazwe chini na kukaguliwa pembe zake 2 mpaka nchani, maana hata kipande kidogo kilichosalia ndani kinatosha kumuua.

Kuna hatari nyingine ambayo wenye ng'ombe hawaizingatii sana na mwenye punda hana ruhusa ya kutoijua. Punda anayenyonyesha, au mwenye mimba pevu, akiacha kula kwa sababu ya maumivu, safari, njaa au kutenganishwa na mwenzake, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta yake kwa wingi kupita kiasi. Damu hujaa mafuta, ini na figo hulemewa, na wengi wanaofikia hapo hufa hata wakitibiwa. Dalili ya kwanza ni ndogo mno: hakumaliza majani yake. Kwa mnyama mwingine ungesubiri hadi kesho. Kwa punda mzazi, kesho inaweza kuwa siku ya kuchelewa. Je, aliyemfunga mkokoteni alfajiri na kumfungua magharibi atajuaje kama alikula?

Nenda sasa barabarani, ambako imani hii huonekana mchana kweupe. Mama anavuta mkokoteni wa mchanga, na mwanapunda wa siku chache anakimbia ubavuni, malori yakimpita kwa kasi. Watetezi husema anajifunza kazi mapema. Hajifunzi kazi. Mtoto wa umri huo hulala mara kwa mara na hunyonya mara kadhaa kwa saa, kidogo kidogo. Akimfuata mama barabarani, hapati usingizi wala ziwa, na kwato zake laini zinasagika kwenye changarawe, achilia mbali hatari ya kugongwa. Akifungiwa nyumbani, atakaa saa 6 au 8 bila tone, huku mama akiita na kuvimba kiwele. Njia zote mbili ni mbaya, na ubaya wake una chanzo kimoja: mama yuko kazini siku ambayo hakupaswa kuwa kazini.

Mama mwenyewe je? Anayenyonyesha huhitaji maji na chakula zaidi ya alivyozoea. Haifai hata kidogo jike abebeshwe madumu 4 ya lita 20 kutoka kisimani, lita 80 mgongoni, afike nyumbani kabla hajapewa za kwake. Na kuna jambo linaloonekana kuwa faida: jike hurudi kwenye joto kati ya siku ya 5 na ya 12 hivi baada ya kuzaa, na dume aliye karibu hatakosa kumpanda. Wenye punda hufurahia mimba ya upesi. Lakini mfuko wa uzazi bado unajisafisha, na mimba za joto hilo hushika kwa uchache na huharibika zaidi. Zikishika, jike mmoja atakuwa analea tumboni, ananyonyesha na kuvuta mzigo kwa wakati mmoja. Dume atengwe, japo kwa mwezi wa kwanza.

Nimefika kwenye hoja ya nne, ambayo ndiyo nzito, na anayeidharau hajawahi kuishi kwa kipato cha siku. Inasema: haya yote ni mazuri, lakini punda akipumzika watoto wangu watakula nini? Sina haki ya kumjibu muuza maji kwa mahubiri. Namjibu kwa hesabu yake mwenyewe. Mimba ya punda huchukua kama miezi 12, na wakati mwingine hupita hapo. Huzaliwa mtoto 1. Mapacha ni nadra, na wakitokea mara nyingi hawaponi. Mwanapunda huachishwa ziwa akiwa na miezi 6 hivi, na hafai kufungwa kazi ya kweli kabla ya miaka 3 au 4. Akitunzwa anaweza kuishi miaka 25 na zaidi. Kwa hiyo mwanapunda anayekufa wiki ya kwanza ni mwaka mzima wa mimba uliopotea, pamoja na miaka mingi ya kazi ambayo ingekuja. Mama akifa naye, mkokoteni umebaki chuma na mbao. Kipato cha wiki chache kiwekwe upande mmoja wa mizani, na hayo yawekwe upande wa pili. Umaskini haupunguzi uzito wa hesabu hii. Maskini ndiye asiyeweza kununua punda mwingine.

Msimamo wangu ni kwamba jike apunguziwe kazi nzito miezi 3 ya mwisho ya mimba, na asirudishwe kwenye mkokoteni mpaka mtoto atimize miezi 3. Asiyeweza kabisa, basi asishuke chini ya siku 40. Katika nyumba za Waswahili mzazi hupewa arobaini yake, na hakuna anayemwita mvivu. Wanawake wa nyumba za jirani hubeba kazi zake kwa zamu, kwa sababu wanajua zamu yao itafika. Desturi hiyo hiyo inaweza kuhamia bandani. Vikundi vya wenye punda vipo katika miji mingi ya Kenya, na wanachama huchangiana fedha kwa harusi na misiba. Vichangiane na punda. Jike wa mmoja akizaa, mwenzake amwazime wa kwake siku kadhaa, au wagawane mizigo. Jambo hili halihitaji mfadhili.

Nina sababu nyingine ya kulisema hili sasa. Kenya iliruhusu punda kuchinjwa kama mnyama wa nyama, na kuanzia 2016 machinjio yakafunguliwa kulisha soko la ngozi la China. Ripoti ya taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya, KALRO, ilionyesha mwaka 2019 kwamba zaidi ya punda 300,000 walichinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Kiwango cha uchinjaji kilikuwa asilimia 5.1 kwa mwaka, na punda walikuwa wakiongezeka kwa asilimia 1.04 tu. Serikali ikapiga marufuku Februari 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka uliofuata. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Naunga mkono zuio hilo kwa moyo wote. Lakini tumeisoma nusu moja ya ile ripoti. Tulipiga kelele kuhusu asilimia 5, tukainyamazia asilimia 1. Punda huzaa polepole kwa maumbile yake, na hilo hatuwezi kulibadilisha. Tunaloweza kulibadilisha ni idadi ya wale wanaozaliwa na kufa kabla ya kuachishwa ziwa. Marufuku hazizai. Mwizi wa punda anayekuja usiku na kisu tunamlaani kwa haki, kisha asubuhi tunamfunga mkokoteni jike aliyezaa usiku huo huo, na hakuna anayetulaani.

Serikali nazo zisijifiche nyuma ya wenye punda. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumfanyisha kazi mnyama asiyefaa kwa kazi hiyo, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Jike aliyezaa juzi afahamike kuwa asiyefaa kwa kazi, na askari wa barabarani aambiwe hivyo kwa maandishi. Kampeni za chanjo zinapopita vijijini, punda awe katika orodha pamoja na ng'ombe na mbuzi. Chanjo ya pepopunda kwa jike mwezi mmoja hivi kabla ya kuzaa humkinga yeye, na kupitia dang'a humkinga mtoto dhidi ya ugonjwa unaowapata punda kwa urahisi na kuwaua kwa mateso. Na maafisa mifugo wafundishwe punda kama punda, wasimchukulie kuwa ng'ombe mdogo asiyekamuliwa.

Basi ninachodai ni hiki: chanjo moja kabla ya kuzaa, macho ya mtu usiku wa kuzaa, siku 40 za mapumziko zisizojadiliwa, na afisa mifugo anayepokea simu ya mwenye punda kwa uzito ule ule anaoipokea ya mwenye ng'ombe wa maziwa. Gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya kumpoteza punda mmoja. Anayeona hayo ni makubwa mno kwa mnyama anayembebea maji, kuni, mahindi na ada ya shule ya watoto wake, atuonyeshe hesabu yake hadharani tuilinganishe na hii.